Maji yaliingia kwa juu

Ukienda kununua boti ya faiba, kabla hujauliza chochote utaambiwa kwamba faiba haiozi. Kweli haiozi. Usichoambiwa ni kwamba pale tezi, panapofungwa mashine, faiba ni ganda tu. Katikati ya maganda mawili mna ubao, na ubao huo ndio unaobeba mashine, unaopokea kila msukumo wa propela na kila kishindo cha wimbi. Ukioza, ganda linabaki jeupe linang'aa vilevile, na mnunuzi anaondoka na furaha yake.

Boti yetu ni ya futi 23, nyembamba, ya kupeleka wageni kisiwani Mnemba wakati wa msimu na kuvulia wakati uliobaki. Tuliinunua mimi na shemeji yangu kutoka kwa mtu wa hoteli aliyekuwa anaachana na mambo ya bahari. Shemeji ndiye nahodha. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na kazi yangu kwenye boti ni kulipa na kuuliza maswali. Mashine ni Yamaha Enduro 40, yaani nguvu za farasi 40, ya mguu mrefu, ile ya kuchanganya petroli na oili, ambayo ukisimama ufukwe wowote wa Unguja utaiona kabla hujamaliza kugeuza shingo.

"Mwalimu, mashine inaitikia," shemeji aliniambia.

"Inaitikia vipi?"

"Ukitia gia inaitikia kwa kichwa. Njoo uone mwenyewe."

Nilikwenda maji yakiwa yamekupwa, boti imelala mchangani. Nilishika mguu wa mashine kwa chini nikausukuma juu na chini kwa nguvu zote, macho yakiwa kwenye ubao, si kwenye mashine. Mashine ikicheza yenyewe pale ilipofungwa, hilo ni jambo la mashine na spea zake. Hapa ganda zima la faiba lilikuwa linatoka na kuingia. Kwenye pembe mbili za lile kato la juu linalokaliwa na mashine, jelikoti, ule utando mgumu wa rangi juu ya faiba, ilikuwa na nyufa nyembamba zinazoshuka kwa mshazari, na chini, kwenye tundu la boliti, palikuwa na mchirizi wa maji ya hudhurungi. Maji ya bahari hayana rangi ile. Ile ni rangi ya ubao.

Nikachukua chaki mfukoni (mwalimu hakosi chaki) na bisibisi, nikaanza kugonga kwa mpini sehemu hadi sehemu. Ubao mzima hujibu kwa sauti kali na kavu. Uliooza hujibu butu, hautaki mazungumzo. Nikachora mstari pale sauti ilipobadilika. Mstari ulipita juu kuliko nilivyotaka. Kwa hakika zaidi tukatoboa vitundu vya milimita 6 kwa upande wa ndani, tukakusanya unga uliotoka. Juu kabisa ulikuwa wa manjano na mkavu. Katikati ulikuwa na unyevu. Chini, karibu na ngama, pale tumboni mwa boti maji yanapokusanyika, ulitoka mweusi, ukiuminya kwa vidole unatoa maji.

Kwa nini tezi, na si mahali pengine? Chora mashine kwa ubavu utaona. Propela iko chini kabisa, na ndiyo inayosukuma boti mbele. Mashine imening'inia kwa juu. Kwa hiyo kila unapoongeza moto, sehemu ya chini ya kile chuma kinachoshika mashine inaukandamiza ubao kuelekea ndani, na boliti za juu zinauvuta kuelekea nje. Mashine yenyewe ina kilo 70 na ushee ikiwa kavu, na kila boti inapodondoka kutoka kwenye wimbi, kilo hizo huongezeka mara kadhaa kwa sekunde moja. Faiba mbili nyembamba zilizoachana haziwezi nguvu hiyo. Zikiwa zimegandana na ubao mzima katikati zinaiweza miaka na miaka, maana moja inavutwa, nyingine inabanwa, na ubao unazizuia zisitelezeane. Ubao ukigeuka uji, kila ganda linapigana peke yake.

Watu wengi ufukweni wanadhani boti kama hii imeozeshwa na bahari. Sikubaliani nao, na mafundi wa jahazi wa Nungwi, ambao walikuwepo kabla ya faiba, hawakubaliani nao pia. Maji ya chumvi yana maadui wake wa mbao, lakini kuvu linaloozesha linapenda maji ya mvua. Linahitaji ubao wenye unyevu zaidi ya asilimia 20 hivi, hewa kidogo na joto, na Unguja joto halikosekani. Boti inayofanya kazi kila siku, ikilowa chumvi na kukauka, inadumu. Inayooza ni ile iliyokwezwa chini ya mwembe masika nzima, imejaa majani na maji ya mvua hadi kwenye benchi, huku mwenyewe akisubiri wageni warudi.

Na maji yale hayapiti kwenye faiba. Yanapita kwenye matundu. Nilikaa na tezi ile nikahesabu matundu, nikaona mkono wa kila aliyewahi kuimiliki. Boliti nne za mashine zilizungushiwa silikoni ya bafuni, imekauka na kubanduka. Skrubu za ngazi ya wageni zilipigwa moja kwa moja kwenye ubao bila chochote. Palikuwa na skrubu za kifaa cha kutafutia samaki ambacho hakipo tena, matundu yake yamebaki wazi. Pale kwenye kato, juu kabisa, palipigiliwa ukanda wa alumini wa kuzuia mashine isikwaruze, na kila msumari wa ukanda ule ulikuwa mlango unaotazama mbinguni. Tundu la kizibo cha ngama ndilo baya kuliko yote: lilitobolewa kupita ubao, likaachwa hivyo hivyo, nyuzi za ubao zikiwa uchi ndani ya tundu. Kila mvua iliyonyesha ilikwenda ngamani, na ngamani ilikutana na ubao unaonyonya. Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa boti hii ilikuwa kweli kwa herufi zote.

Tulingoja bamvua. Kwetu bamvua kubwa hutofautisha maji kujaa na kupwa kwa karibu mita 4, kwa hiyo maji yenyewe yalitusaidia kuifikisha boti juu kabisa, kisha watu na magogo wakamaliza. Wakati tuliokuwa nao ni masika, kwa sababu ndipo hoteli zinapofungwa na boti haina kazi. Kwa resini, ile gundi ya majimaji inayoganda na kushika nyuzi za faiba, ni wakati mbaya. Unyevu wa hewa ukiwa mkubwa ubao haukauki, na mvua ikidondokea resini mbichi inaifanya nyeupe. Tukajenga banda la makuti juu ya nusu ya nyuma, na turubai upande wa upepo. Kusi halina adabu na turubai.

Kabla ya kukata chochote, tulipima. Hili nalikazia kwa yeyote anayetaka kuifanya kazi hii nyumbani, kwa sababu boti ya faiba isiyokuwa na ubao wa tezi ni kisanduku kisicho na upande mmoja: inafunguka. Tulipima upana wa juu na wa chini, tukafunga mbao ya mbili kwa nne kukatisha kutoka ukingo hadi ukingo, tukaweka vigingi na magunia ya mchanga chini ya tumbo ili lisibonyee. Tukachukua kimo cha kato kutoka chini kabisa hadi juu: kwa mguu mrefu ni inchi 20, yaani milimita 508, na ukikosea hapo propela itakunywa hewa au itaburura. Tukapima mlalo pia, kwa sababu tezi haisimami wima. Imelala nyuma nyuzi 12 hadi 15 hivi, na mashine imeundwa ikijua hilo. Mwisho tukachukua kadibodi ya friji, tukakata umbo zima la ubao na kuweka alama za matundu yote.

Kuna njia tatu za kuingia. Unaweza kukata ganda la nje, ukabadilisha ubao, ukarudisha ganda. Kazi ya ndani haiguswi lakini jelikoti yote ya nje utaifanya upya na kila mgeni ataona kiraka. Unaweza kukata ganda la ndani na kuacha la nje zima. Au unaweza kuchimba ubao wote kwa juu, ukabaki na mfuko wa faiba, ukamimina ndani yake mchanganyiko maalumu unaoganda. Hii ya tatu inatumika sana Marekani, na dawa yake inauzwa kwa ndoo. Mpaka ndoo hizo zifike Malindi bandarini ushuru umeshakula faida. Tulichagua kuingia kwa ndani. Ganda la nje lilikuwa zima ukiacha zile nyufa za pembeni, na likibaki mahali pake linakuwa kalibu tayari: ubao mpya unalala juu yake na umbo haliwezi kupotea.

Siku ya grinda sitaki kuielezea sana. Vumbi la faiba linaingia kwenye jasho, na jasho la Aprili halina mwisho. Shemeji alijipaka poda ya mtoto mikononi na shingoni kabla ya kuanza, na ndiye pekee aliyelala usiku ule. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta ile yenye vichujio, na kwa resini iwe ya mkaa. Tulikata tukiacha ukingo wa inchi tatu kuzunguka pande zote, kwa ajili ya kuungia baadaye.

Ganda la ndani lilitoka kwa mkono mmoja. Lilikuwa halijashikwa na kitu. Nyuma yake, ubao wa chini ulikuwa kama tambuu iliyotafunwa, unauchota kwa kijiko cha chuma. Kadiri tulivyopanda juu ndivyo ulivyokuwa mgumu, na ile theluthi ya juu ilikuwa nzima kabisa, imegandana na faiba kwa namna ambayo tulitumia patasi, nyundo na maneno yasiyofaa kuandikwa. Shemeji alitaka tuuache huo wa juu na kuunganisha mpya kwa chini. Nilikataa. Boliti za juu ndizo zinazovutwa. Kiungo hapo ni kukaribisha ufa. Tuliutoa wote. Nyuma tukakuta na vichwa vya mihimili miwili ya sakafuni vimelowa kiasi cha kiganja, navyo tukavikata hadi kwenye ubao mkavu.

Hapo ndipo alipokuja mzee.

Mzee huyu ni fundi wa jahazi, ametumia tezo na keekee tangu hajabalehe, na banda lake liko hatua chache kutoka tulipoweka boti. Alitazama shimo, akatazama kadibodi yangu, akauliza tunatia mbao gani.

"Plaiwudi, mzee."

"Makaratasi."

"Plaiwudi nzuri, mzee, ya baharini."

"Mwanangu, mbambakofi ipo. Mtiki upo. Unatia makaratasi yaliyogandishwa?"

Hoja yake ilikuwa na uzito, na ilinichukua muda kuijibu. Mbambakofi inaoza kwa shida sana, hilo halina ubishi, na majahazi yake ni ushahidi unaoelea. Ila jahazi linapumua. Mbao zake zinavimba na kunywea, na kalafati ya pamba na mafuta inafuata mwendo huo. Linapakwa sifa, yale mafuta ya papa, linapakwa deheni ya chokaa na mafuta, linaangaliwa kila mwaka. Ndani ya faiba hakuna nafasi ya kupumua. Ubao mmoja mpana unavimba kukatisha nyuzi zake, na ukivimba ndani ya ganda lisilokubali, unalipasua au unabanduka. Plaiwudi ina nyuzi zilizopishana tabaka kwa tabaka, kwa hiyo haiendi popote. Na mtiki una mafuta yake ya asili ambayo resini haiyapendi. Unaugandisha leo, kesho kutwa unabanduka. Nilimweleza hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, tia makaratasi yako, lakini yazibe vizuri," na huo ulikuwa ushauri bora kuliko wote niliopewa.

Kupata plaiwudi yenyewe lilikuwa jambo lingine. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema unataka bodi za marini, utapewa zile za kahawia zenye uso laini wa kung'aa. Zile ni za kumwagia zege. Uso ule umewekwa makusudi zege isishike, na resini nayo haitashika. Ndani yake mara nyingi mna mianya mitupu kati ya tabaka, ambayo kwenye nguzo ya zege haina madhara na kwenye tezi ni vyumba vya kupangisha maji. Plaiwudi ya boti hasa ina mhuri wa BS 1088, kipimo cha Waingereza, na inabana bila mianya. Mara nyingi imetengenezwa kwa okume, mti laini wa Afrika ya kati, ambao wenyewe wala hausifiki kwa kuhimili kuoza. Watu wanapolipa bei ile wanadhani wamenunua ubao usiooza. Wamenunua gundi nzuri na tabaka zisizo na mashimo. Kuoza kutategemea matundu.

Tulipata karatasi mbili Dar kwa mtu anayetengeneza boti, zimekuja na meli ya mizigo, hazina mhuri unaosomeka. Nikakata vipande vidogo, nikavichemsha jikoni kwa saa kadhaa, nikavianika, nikavichemsha tena. Mke wangu aliuliza kama mshahara wa walimu umefikia huko. Vipande havikuachana. Gundi inayovumilia sufuria itavumilia Mnemba.

Tuliweka tabaka mbili za milimita 18. Ukiongeza mati (mkeka wa nyuzi za faiba) ya katikati na faiba ya pande zote mbili, unene unafika milimita 45 hivi, na vishikio vya mashine vinaukubali bila tabu.

Sasa resini. Epoksi inashika mbao vizuri zaidi kuliko poliesta, na kama una pesa na uvumilivu wa kuipima kwa mizani, itumie. Bei yake kwetu ilikuwa mara kadhaa ya poliesta, na mati ya kawaida inayouzwa madukani haiendani nayo, kwa sababu ile gundi inayoshikilia nyuzi za mati imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta. Jambo jingine: epoksi inashika juu ya poliesta kuukuu, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo ukianza na epoksi umefunga ndoa. Tulitumia poliesta kwa kazi kubwa, na mkebe mmoja mdogo wa epoksi tukauweka akiba kwa matundu. Nitakuja huko.

Poliesta ya madukani mara nyingine huja na chupa mbili: ya zambarau, kobalti, inayoharakisha kuganda, na ile nyeupe, hadina, inayoanzisha kuganda kwenyewe. Sikiliza vizuri. Hizo mbili hazikutani peke yake hata tone. Kobalti inakorogwa kwanza kwenye resini, ikichanganyika kabisa ndiyo hadina inafuata. Ukizichanganya zenyewe kwa zenyewe zinaweza kulipuka. Hadina ikiingia jichoni inapofusha, kwa hiyo miwani si pambo. Na mvuke wa resini unaweza kushika moto kwenye nyuzijoto 31, ambazo ni mchana wa kawaida tu Nungwi. Muuza kahawa alihamishwa na jiko lake kwa heshima zote.

Kipimo cha hadina ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Kwa joto letu tulikaa kwenye gramu 10 hadi 12 kwa kilo. Mafundi wengine wanashuka chini ya hapo ili wapate muda zaidi, na wanapata resini ambayo haikomai maisha. Njia ya kupata muda ni kuanza alfajiri, kuchanganya kidogo kidogo, na kumimina kwenye sinia pana badala ya kuacha kwenye ndoo. Resini inapoganda inatoa joto, joto linaharakisha kuganda, na kwenye ndoo joto halina pa kukimbilia. Vijana wangu wa kidato cha tatu nawaeleza jambo hili kwa ubao na chaki. Ndoo iliyofuka moshi mbele ya shemeji ilimfundisha haraka zaidi.

Tuliupaka ubao resini nyepesi kila upande, na kwenye kingo zake tukarudia hadi zikaacha kunywa. Ganda la nje tukalisugua kwa ndani mpaka likawa jeupe lote, tukalipangusa kwa asetoni, tukalaza mati mbili za gramu 450 zilizolowa vizuri, tukausukuma ubao wa kwanza mahali pake. Tulikuwa tumetafuta vyuma virefu vyenye uzi, tukavipitisha kwenye matundu ya zamani ya mashine na mengine machache, mbao nene nje na ndani, nati tukazikaza taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Ulichotakiwa kuona ni resini inatoka kwenye kingo zote. Mahali isipotoka, ndani mna hewa, na hewa leo ni maji kesho. Ubao wa pili ukafuata kwa mtindo huohuo, na mati katikati.

Pembe za ndani, ubao unapokutana na mbavu na sakafu, tulizijaza puti ya resini na talki, tukazipitia kwa chupa ya soda hadi zikawa na mviringo. Faiba haipendi kona kali. Inanyanyuka na kuacha upenyo. Juu yake zikaja tabaka: mati, kitambaa kizito cha kusokotwa cha gramu 600, mati, kitambaa, mati, kila moja ikipita iliyotangulia kwa inchi kadhaa kwenye mbavu ili mwisho usiwe ngazi. Ule ukingo tulioubakisha ulikuwa umesagwa kwa mteremko wa mara 12 ya unene wake. Rola ya chuma ilikuwa ya shemeji. Ana mkono wa kutoa mapovu ambao mimi sina, na nilipojaribu kumsaidia aliniomba nikalete chai.

Kisha matundu, ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe. Yaliyotangulia ni maandalizi.

Boliti ya mashine ina unene wa nusu inchi hivi. Tulitoboa matundu ya karibu inchi moja, tukayapaka epoksi nyepesi hadi ubao ukashiba, tukayajaza epoksi iliyokorogwa na unga wa nyuzi za faiba, tukaacha ikakomaa kabisa. Baada ya hapo ndipo tukatoboa tundu la kipimo cha boliti katikati ya kizibo kile. Boliti sasa inapita ndani ya epoksi tupu na haigusi ubao popote. Maji yakipenya kwenye dawa ya kuzibia, yatakuta ukuta. Tundu la ngama tulilifanya hivyohivyo, kwa mrija wa shaba uliokunjwa kingo pande mbili. Lile kato la juu tulilifunika kwa tabaka tatu za mati zinazoshuka nje na ndani, na ukanda wa alumini ukarudi kwa gundi peke yake, hakuna msumari. Dawa ya kuzibia boliti ni ile ya polyurethane ya boti. Silikoni ibaki bafuni.

Mzee alikuja tena, akaingiza kidole kwenye tundu la boliti, akauchungulia ubao asiuone. "Umeyaziba," alisema, na akaenda zake.

Tulishua kwenye bamvua nyingine, kusi likiwa limekaza. Shemeji alitoka hadi nje ya mwamba, akaweka moto wote, akageuka kutazama nyuma badala ya mbele, jambo ambalo simshauri nahodha mwingine yeyote. Mashine ilitulia. Nyufa za pembeni tulikuwa tumezisaga na kuzijaza, tukazipaka jelikoti nyeupe isiyolingana na ile ya zamani, na hazijarudi.

Sasa shemeji anasema kwa kuwa ubao ni mpya, tununue mashine ya 60 ya kisasa, isiyochanganya oili, wageni wanapenda isiyopiga kelele. Nimemwonyesha uzito: hizo zinazidi kilo 100. Ubao utaweza, lakini tezi itakaa chini zaidi majini na kizibo cha ngama kitakuwa chini ya maji hata boti ikiwa imesimama tupu. Amesema atafikiri. Wakati anafikiri, ametoa ngazi ya wageni stoo na ameniuliza skrubu za inchi mbili ziko wapi. Sijamwambia.